Shajara ya mradi: chapa za Rembrandt za kuazima

14 Novemba

Barua ya kukubaliwa imefika. Yenyewe ni ukurasa mmoja, lakini masharti yaliyoambatana nayo ni kabrasha zima. Wenye mali wataliazima jumba letu la makumbusho chapa za Rembrandt, yaani picha alizozichora kwenye bamba la shaba na kuzichapa karatasini, pamoja na picha chache za rangi ya mafuta za wachoraji wengine wa Uholanzi wa karne ya 17. Nyingi za hizo picha zimechorwa kwenye turubai, mbili kwenye mbao za mwaloni. Msimamizi wa maonyesho amezunguka ofisi nzima akipeana mikono na kila mtu. Mimi msajili, mwenye kushika karatasi za mikopo, nimelifungua kabrasha kuanzia nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu maonyesho ya kuazima yakifa hufia huko.

Kiambatisho cha kwanza ni fomu ya kueleza jengo. Inauliza mambo ambayo mwenye nyumba mwenyewe hajiulizi. Bomba la maji linapita juu ya chumba kipi? Mlango mpana kuliko yote una sentimita ngapi? Lifti inabeba uzito gani? Mlinzi wa zamu ya usiku anazunguka kila baada ya muda gani, na funguo analala nazo nani? Halafu wanataka kumbukumbu za joto na unyevu wa ukumbi kwa mwaka mzima uliopita, saa kwa saa. Wastani hawautaki, na wana haki. Chumba kinachoshuka hadi asilimia 35 mchana na kupanda hadi 65 usiku kina wastani mzuri kabisa wa 50, na ubao wa mwaloni ukiwekwa humo utapinda. Ubao hunyonya unyevu wa hewa ukavimba, hewa ikikauka nao husinyaa, ilhali rangi iliyokauka juu yake kwa karne kadhaa haiwezi tena kuufuata. Matokeo yake ni rangi kuinuka, kisha kubanduka.

Namba za saa kwa saa tunazo. Tutazipeleka zilivyo, pamoja na ule mwezi wa mvua ambao mstari wa unyevu unapanda kama ngazi.

22 Novemba

Mvutano wa kwanza. Wanataka unyevu wa asilimia 50, usizidi wala kupungua kwa zaidi ya 5, usiku na mchana, hadi picha ya mwisho itakapoondoka. Mhandisi wetu alicheka aliposoma. Kisha akauliza kama wanatania, nikamwambia hapana.

Kikaoni nimewaeleza wenzangu namba za aina hii zilikotoka, maana watu huziogopa kana kwamba ni amri za dini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, National Gallery ya London ilihamishia picha zake Wales, na kuanzia 1941 zikakaa ndani ya machimbo ya mawe ya Manod, chini ya mlima, katika vyumba vilivyojengwa humo ambavyo hewa yake haikubadilika. Wahifadhi wakaona jambo ambalo hawakulitarajia: picha zilizowasumbua kwa rangi kubanduka zilitulia. Vita vikaisha, picha zikarudi London, na usumbufu ukarudi pamoja nazo. Hapo ndipo makumbusho makubwa yalipoanza kuamini mashine za kurekebisha hewa, na kadiri mashine zilivyoboreka ndivyo namba zilivyozidi kubanwa. Lakini kilichozisaidia picha mgodini ni utulivu wa hewa. Hakuna aliyethibitisha kule kwamba asilimia moja juu au chini ya kiwango fulani ndiyo ingeziua.

Wakubwa wenyewe wameshalegeza. Kundi la Bizot, ambalo ni wakurugenzi wa makumbusho makubwa duniani, linakubali kwa vitu vilivyo vingi unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60 na joto la nyuzi 16 hadi 25, mradi unyevu usiyumbe zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 24. Sababu yao kuu ni umeme: kulibana jengo zima kwenye mstari mmoja mwaka mzima kunakula nishati bila faida inayoonekana kwenye picha. Nimewaandikia wenye mali hivyo, kwa adabu, nikiwakumbusha kwamba kundi hilo ni la watu wa daraja lao.

3 Desemba

Wamekubali nusu. Turubai na chapa zitakaa kwenye kiwango cha 40 hadi 60. Zile mbili za mbao, hapana. Tumekubaliana zije ndani ya fremu-sanduku: kioo mbele, bamba nyuma, kingo zote zimezibwa, na ndani kuna karatasi za silika zilizozoeshwa unyevu wa asilimia 50. Silika hiyo hunyonya unyevu ukizidi hewani na kuurudisha hewa ikikauka, kwa hiyo picha inatembea na hali yake ya hewa popote iendapo. Gharama ya fremu ni yetu. Mhasibu ameniuliza kama zitabaki kwetu maonyesho yakiisha. Hazibaki.

10 Desemba

Siku nzima na wanasheria. Wenye mali hawasaini mpaka serikali iandike kwamba kazi hizi za sanaa hazitakamatwa kwa amri ya mahakama zikiwa hapa. Mmoja wetu aliona wanatudharau. Hawatudharau. Marekani ina sheria ya kinga ya namna hiyo tangu 1965, Uingereza tangu 2007, na kila msajili anajua kisa cha picha ya Egon Schiele, mchoraji wa Austria, iitwayo Wally. Iliazimwa kutoka Vienna kwenda Museum of Modern Art ya New York, na mwanzoni mwa 1998 ikazuiwa isirudi, kwa kuwa familia ya mwenye duka la sanaa Myahudi aliyenyang'anywa picha hiyo wakati wa Wanazi ilikuwa inaidai. Kesi iliisha 2010 kwa Leopold Museum ya Vienna kuilipa familia dola milioni 19. Binafsi naona familia ilikuwa na haki, na kwamba bila kizuizi kile isingesikilizwa. Kwa hiyo kinga hii naiombea saini nikiwa na neno moyoni: inalinda mikopo halali na inaweza kulinda pia mali ya wizi. Ndiyo maana tumeomba historia ya umiliki ya kila picha, hasa miaka ya Wanazi, 1933 hadi 1945, na hatutaichapisha orodha kabla ya kuisoma yote.

Mwanasheria mkubwa akaongeza kisa cha Crimea. Vitu vya kale, pamoja na dhahabu ya Waskithi, watu wa kale wa upande huo, vilikuwa kwenye maonyesho Amsterdam mwanzoni mwa 2014, Urusi ikaitwaa Crimea, na swali likawa virudishwe kwa nani: kwa makumbusho yaliyoviazimisha au kwa serikali ya Ukraine? Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilimaliza shauri 2023, na vitu vikafika Kyiv Novemba mwaka huo. Karibu miaka 10 kwenye stoo ya watu, kwa vitu vilivyoondoka nyumbani kwa miezi michache. Tumeongeza kipengele cha "kurudisha kwa nani" kwenye mkataba.

15 Januari

Seremala. Hapa ningeweza kujaza daftari.

Makabati ya kioo ya chapa yanatengenezwa na fundi wetu mwenyewe, ambaye mkono wake siutilii shaka. Alileta sampuli za mbao za MDF, zile za nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, na kitambaa cheusi cha sufu cha kulaza ndani. Vyote vizuri machoni. Mhifadhi wetu akavipeleka kwenye jaribio la Oddy, lililobuniwa British Museum mwaka 1973: kipande kidogo cha kila kitu kinafungiwa ndani ya chupa pamoja na maji kidogo na vibamba vitatu vya madini, yaani fedha, shaba na risasi, kisha chupa inakaa kwenye nyuzi joto 60 kwa siku 28. Ni njia ya kuiharakisha miaka. Hewa chafu inayotoka kwenye mbao, gundi au kitambaa huonekana kwanza kwenye madini kabla haijaonekana kwenye karatasi.

Fundi hakufurahi. "Mzee, mbao ni mbao," aliniambia, "na miaka yote nimetengeneza makabati humu ndani." Nikamwomba asubiri.

12 Februari

Chupa zimefunguliwa leo, na nimemwita fundi aje kuona mwenyewe. Kwenye chupa ya MDF kibamba cha risasi kimeota unga mweupe. Hiyo ni kazi ya asidi, ya ukoo mmoja na siki, inayotoka kwenye mbao na gundi yake. Kwenye chupa ya sufu kibamba cha fedha kimekuwa cheusi, kwa sababu sufu ina salfa. Chupa nyingine, yenye pamba isiyotiwa rangi, vibamba vyake viko karibu vilevile kama siku vilipoingia. Fundi alikishika kibamba cha risasi, akakigeuza, akakinusa, akauliza: "Na makabati ya kule juu?"

Swali zuri, na halihusu mradi huu. Makabati ya kule juu yamebeba vitu vyetu wenyewe kwa miaka mingi, na hakuna mgeni aliyewahi kutuletea kiambatisho kwa ajili yao.

Uamuzi: fremu za makabati zitakuwa za chuma kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa, vitambaa vya ndani vitakuwa pamba iliyofuliwa bila dawa. Kuta zitamaliza kupakwa rangi mwezi mzima kabla ya kreti kuwasili ili harufu iishe. Mkurugenzi bado anabishana na mbunifu kati ya buluu nzito na kijivu. Nimewapa tarehe ya mwisho kwa maandishi.

20 Februari

Mwanga. Kwa karatasi, mwisho ni luksi 50, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaotua juu ya kitu. Picha za mafuta zinavumilia 200. Miale ya urujuanimno inachujwa kabisa.

Mhifadhi alitoa hoja ya haki kwamba wino wa chapa hizi ni mweusi wa kaboni, na kaboni haipauki. Ni kweli. Karatasi ndiyo inayochakaa: hugeuka rangi, hudhoofika, na hairudi ilivyokuwa. Uharibifu wa mwanga hauna siku ya mapumziko, unajumlishwa. Luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 90 ni luksi-saa 36,000, na mwanga mara mbili kwa nusu ya muda ni madhara yale yale. Wenye mali wametupa jumla, kisha chapa zao zikirudi zitakaa gizani miaka kadhaa kabla ya kuonyeshwa tena. Kwa hiyo kila ombi la "tufungue na jioni moja kwa wadhamini" linatoka kwenye mfuko huohuo. Mkurugenzi alidhani nafanya ubahili. Nilimwandikia hesabu kwenye ubao wa kikao, akachagua jioni moja, akafuta mbili.

Na kamera za televisheni hazitaingia na taa zao. Waje na kamera inayoona gizani au wapige picha za ukumbi kabla ya chapa kutundikwa.

Fundi wa mwanga ana wazo ninalolipenda. Mgeni akitoka kwenye jua moja kwa moja hadi luksi 50 ataona giza tupu na kulalamika. Ataweka ushoroba wa kuingilia ambao mwanga wake unashuka polepole, na maandishi ya utangulizi yawe humo, ili watu wasome huku macho yao yakizoea. Watadhani wanasoma historia. Kumbe wanaandaliwa macho.

4 Machi

Ratiba ya ndege. Hazirushwi zote pamoja. Sheria hiyo ya kugawa mizigo ni ya zamani, lakini tangu ajali ya Swissair namba 111 hakuna anayebisha. Ndege hiyo ilianguka karibu na Nova Scotia, Canada, Septemba 1998, watu wote 229 waliokuwamo wakafa, na kwenye shehena yake kulikuwa na mchoro wa Picasso uitwao Le Peintre. Kwetu, picha za mbao zitakuja na ndege moja na msindikizaji wa kibinadamu. Chapa zitafuata na nyingine, zikifuatiliwa kwa kamera na vipimaji vya mtikisiko. Usindikizaji huo wa kamera ulienea wakati wa corona, 2020, na wenye mali wengi wamegundua kuwa unatosha kwa vitu vinavyosafiri vizuri.

Mbao za kreti zenyewe lazima ziwe zimepashwa joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wa mbao wasivuke mipaka, na ziwe na muhuri wa kuthibitisha. Nimeomba picha ya muhuri kabla mizigo haijaondoka. Kreti isiyo na muhuri hukwama uwanjani, na uwanjani hakuna asilimia 50 ya chochote.

17 Machi

Picha za mbao zimefika. Ndege ilifika salama, na kazi ikawa forodha. Afisa alitaka kreti ifunguliwe pale pale kwenye ghala, jua likiwa utosini. Msindikizaji, dada mmoja mtulivu ambaye hakuwa amelala usiku kucha, alisimama mbele ya kreti bila kusema neno. Karatasi zetu za kuingiza mali kwa muda zilikuwa sawa, na tulikuwa tumekubaliana mapema kwa maandishi kwamba ukaguzi utafanyika makumbusho, lakini yale makubaliano yalikuwa kwa mtu wa zamu nyingine. Simu, chai, simu. Mwishowe kreti zikafungwa lakiri, na afisa akapanda nasi kwenye lori. Njiani alinisimulia juu ya wanawe. Kesho atakuwa wa kwanza kuona picha hizi hapa, kabla ya mkurugenzi.

Kreti zimeingia stoo na kuachwa zilivyo kwa saa 24. Ukifungua mara moja, hewa ya huku inakutana na picha iliyotoka kwenye baridi ya ndege, na unyevu unatua juu yake.

18 Machi

Kufungua. Watu watano tu ndani ya chumba: msindikizaji, mhifadhi, fundi, afisa wa forodha na mimi. Pete na saa zimevuliwa. Skrubu zinatolewa kwa mkono na kuwekwa kwenye trei zenye namba, kila moja itarudi kwenye tundu lake. Mfuniko ukainuliwa, ikatoka harufu ya sponji na mbao, kisha sanduku la ndani, kisha fremu.

Mhifadhi aliilaza picha ya kwanza kwenye meza iliyofunikwa, akazima taa za juu na kuiwasha tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa picha. Kwa mwanga huo picha inageuka ardhi: kila mkunjo wa rangi una kivuli. Upande wa chini kushoto kuna ufa unaofuata nyuzi za mwaloni, na pembeni mwa ufa kuna pengo la rangi dogo kama punje ya mchele. Likatafutwa kwenye ripoti ya hali iliyoandikwa kwao kabla ya safari. Lipo, limepigwa picha, limepimwa. Wakalipima tena. Ufa haujaongezeka. Dada msindikizaji akaandika muda, akasaini, mhifadhi wetu akasaini chini yake, na hapo ndipo nilipomwona akikaa chini kwa mara ya kwanza tangu uwanjani.

Bima ilianza pale picha ilipong'olewa ukutani kwao na itaishia pale itakaporudi msumari ule ule. Kati ya misumari hiyo miwili, ripoti hii ndiyo itakayosema nani alipe. Ndiyo maana hatuharakishi hata kama chakula cha mchana kinapoa.

26 Machi

Chapa zimeingia. Msindikizaji wa kamera alitazama ufunguzi wote kutoka ofisini kwake, na mtandao ulikatika mara moja. Tukasimamisha mikono mpaka akarudi.

Nimekaa nayo ile ya gamba, iliyochapwa 1650. Ni ndogo, takriban sentimita 10 kwa 13, gamba moja la konokono wa bahari ya joto, aina ya Conus marmoreus, likiwa peke yake mezani. Wafanyabiashara wa Uholanzi walileta magamba haya kutoka mashariki, na matajiri wakayanunua kwa ajili ya makabati yao ya vitu vya ajabu. Rembrandt alipaka bamba la shaba nta, akachora kwa sindano, asidi ikala pale sindano ilipopita. Chapa hutoka ikiwa imegeuzwa, kushoto kulia, na yeye alijua: sahihi yake na mwaka aliviandika kinyume kwenye bamba ili visomeke sawasawa kwenye karatasi. Gamba hakuligeuza. Kwa hiyo mzunguko wake kwenye karatasi unakwenda upande ambao aina hiyo ya konokono haizungukii. Msimamizi anasema alisahau. Mimi naona hakujali. Alikuwa anafukuza ule mng'ao wa madoadoa meupe kwenye giza, na mng'ao haujui kulia na kushoto.

Misalaba Mitatu ya 1653 imekuja kwa karatasi mbili, na hilo ndilo jambo tulilolipigania zaidi kwenye orodha. Hii hakuitumia asidi. Alikwangua shaba moja kwa moja, na kingo za shaba zilizoinuka kando ya kila mkwaruzo hushika wino na kutoa weusi mzito, laini. Kingo hizo hulala haraka chini ya mashine ya kubana, hivyo karatasi za mwanzo ni tajiri na zinazofuata zinafifia. Miaka kadhaa baadaye akalirudia bamba lile lile, akafuta watu wengi na kulifunika tukio kwa mistari ya giza inayoshuka. Karatasi ya kwanza ina umati unaoomboleza. Ya pili umati umemezwa, na kuna mpanda farasi mwenye kofia ndefu ambaye hakuwapo. Tutazitundika bega kwa bega, bila maelezo marefu.

4 Aprili

Utundikaji umekwisha. Kitovu cha kila fremu kipo sentimita 145 kutoka sakafuni, isipokuwa chapa ndogo ambazo tumezishusha kidogo kwa ajili ya watoto na wenye viti vya magurudumu. Skrubu za usalama, kengele, mwisho.

12 Aprili

Tumefungua juzi. Malalamiko ya kwanza kwenye daftari la wageni: "Mbona giza?" La pili: "Mbona ndogo?" Kwa hili la pili tumeweka miwani ya kukuzia mlangoni, ya kuazima pia. Wageni wanaoichukua wanakaa mbele ya chapa muda mrefu kiasi kwamba foleni imeziba. Mkurugenzi, aliyekuwa akitutajia Mona Lisa ilivyopelekwa Washington na New York mwaka 1963 na kutazamwa na watu zaidi ya milioni moja, sasa anaelewa kwamba foleni ile ilitembea kwa sababu kila mtu alipewa sekunde chache tu. Hapa hatutamsukuma mtu.

Mlinzi wa zamu ya mchana, mzee ambaye ana miaka mingi humu kuliko sisi wote, alinivuta pembeni. Mgeni mmoja kijana amemuuliza kama hao wenye mali na wenzao wanakubali pia kuazimisha vitu vya Afrika walivyonavyo, au wanaazimisha vya kwao tu. "Nimjibu nini, bwana?"

Tulizungumza hadi saa ya kufunga. Nilimwambia kisa cha kinyago cha pembe cha Malkia Idia wa Benin, ufalme wa kale ndani ya Nigeria ya leo, cha karne ya 16, kilichopo British Museum. Nigeria ilikiomba kwa ajili ya FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi la 1977, ambalo alama yake ilikuwa kinyago hicho hicho, ikanyimwa. Ikalazimika kutumia nakala. Nikamwambia pia ya Kumasi, Ghana: mwaka 2024 British Museum na Victoria and Albert Museum ziliazimisha vitu 32, vingi vya dhahabu ya Asante, kwa Makumbusho ya Kasri la Manhyia, kwa miaka mitatu inayoweza kuongezwa. Baadhi viliporwa katika vita vya 1874. Mzee akatikisa kichwa. "Unaazimwa kilicho chako, na unasaini ripoti ya hali." Kisha akaongeza ile ya wahenga, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mimi siwezi kuvitia vyote kapu moja. Rembrandt alichora Amsterdam, akauza Amsterdam, na hata alipofilisika 1656 mali yake iliuzwa kwa orodha. Hapa hakuna aliyeporwa, na mkopo ni mkopo. Kwa vile vya Benin na Asante neno hilo limebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Nimemwomba msimamizi aandae jioni ya mazungumzo juu ya jambo hili, humo humo ukumbini. Amekubali, akauliza kama jioni hiyo imo kwenye hesabu ya luksi. Tutazima taa za chapa.

23 Mei

Umeme ulikatika usiku, na jenereta ikachelewa kushika. Ukumbi ulipanda kutoka asilimia 54 hadi 61 kabla mashine hazijarudi. Ndani ya fremu-sanduku za picha za mbao kipimaji kilisogea kutoka 50 hadi 51. Nimetuma grafu zote mbili kwa wenye mali asubuhi ileile bila kusubiri waulize. Jibu lao: mstari mmoja wa shukrani na ombi la kupima tena Jumatatu.

11 Julai

Kufungasha. Kila kitu kinyumenyume: taa ya ubavuni, ripoti, skrubu kwenye matundu yake. Pengo la rangi kwenye ule ubao ni lile lile kwa kipimo. Dada msindikizaji amerudi, safari hii amelala. Chapa ziliondoka kwanza. Siku zake za mwanga zimekwisha, na mbili kati yake zimefika karibu kabisa na jumla tuliyopewa, bila kuivuka.

Afisa wa forodha aliyekuja kukagua kutoka ni yule yule. Amekuja na binti yake.

19 Julai

Kreti ya mwisho imepokelewa kwao na kusainiwa. Bado sijatuma jedwali la mwisho la unyevu na hesabu ya wageni.

Seremala ameleta bei ya kubadilisha makabati sita ya kule juu, kwa chuma na pamba, na amezipeleka mwenyewe sampuli za mbao za zamani kwa mhifadhi zikafanyiwe jaribio la chupa. Mhasibu naye anataka mashine za unyevu zizimwe, kwa kuwa wageni wameondoka. Nina kikao naye Jumanne. Nitakwenda na grafu ya ukumbi ya mwaka jana na ya mwaka huu, na pamoja nazo kile kibamba cha risasi ndani ya bahasha.